Nilitania kuwa noti ya shilingi kumi ya zamani inauzwa milioni nane, Jumapili bibi mmoja akaileta kanisani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninachoandika hapa kilitokea mbele ya kanisa zima, kwa hiyo hata nikitamani kutia chumvi siwezi. Mashahidi ni wengi na baadhi yao najua wamo humu wanasoma kimyakimya. Nikikosea kitu watanisuta.

Mod, naomba usiuhamishie huu uzi kule kwenye vichekesho. Mwanzo unachekesha. Mwisho sijui, mtaamua wenyewe.

Niko kidato cha tatu, Same mjini. Shuleni najulikana kwa mambo mawili: kuiga sauti za watu, na kusimama nje ya darasa. La pili linatokana na la kwanza.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba nakusanya noti za zamani. Siyo zile za juzi mlizosahau kwenye suruali. Nazungumzia toleo la kwanza kabisa la nchi yetu, baada ya Mwingereza kufungasha na sisi kuanza kuchapa hela zetu wenyewe. Rais wa kwanza yumo akiwa bado kijana, hana hata unywele mweupe.

Nilianzaje? Kwa ujinga, kama kawaida.

Nikiwa kidato cha kwanza mwalimu wa historia alituambia tulete kitu cha kale kutoka nyumbani. Mama akatoa noti ya shilingi tano ya kahawia nyuma ya fremu ya picha ya ukutani. Nikaipeleka, nikapata maksi zangu, halafu wakati wa kurudi nikaona niitumie vizuri zaidi. Nikaenda kwa mama wa mihogo pale karibu na stendi, nikampa ile noti kwa uso mkavu, nikamwambia "mama, mihogo ya mia tano, hii ni tano, sifuri zimefutika."

Mama aliangalia noti, akaniangalia mimi, akaita mgambo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa duka la vitambaa, Mzee Shabani. Alikuwa amekaa nje ya duka lake, akasogea, akaomba aione. Hakuishika kama hela. Aliishika kwa ncha za vidole pembeni, kama unavyoshika picha ambayo bado haijakauka. Akainyanyua juani, akasema, "Njoo utazame humu."

Nikatazama. Kwenye sehemu nyeupe ya karatasi alitokea twiga, kichwa tu, ananiangalia.

Wakuu, mimi hela nilikuwa nazijua kwa upande mmoja tu, wa kuzimaliza. Sikuwahi kufikiri kuna mnyama amejificha ndani anasubiri jua.

Kuanzia siku hiyo nikawa napita dukani kwa Mzee Shabani kila nikitoka shule. Ana kopo la biskuti limejaa noti na sarafu, kila moja kwenye nailoni yake. Ndiye aliyenifundisha kwamba noti ya kukusanya haifuliwi, haipigwi pasi, haikunjwi, na haishikwi baada ya kula chapati. Ikikunjwa mara moja tu katikati, bei imeshuka. Ikipita mikononi mwa watu wengi inalegea, inakuwa kama kitambaa cha kufutia meza, na hapo mkusanyaji hata hakusalimii.

Toleo lile la kwanza lina noti nne. Tano ya kahawia, nyuma ina mlima. Kumi ya kijani, nyuma mkonge umeanikwa. Ishirini ya bluu. Na mia nyekundu, ambayo mimi siizungumzii kwa sababu bei yake ni ya watu wazima.

Tano ninayo. Ishirini niliipata kwa kubadilishana na redio mbovu. Iliyonitesa ni kumi ya kijani.

Mzee Shabani aliniambia, "Hiyo nenda kaitafute milimani kwenu. Watu wa kule walishuka kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakapanda na mishahara. Na Mpare akipanda na hela mlimani, hela hiyo haishuki tena."

Mwenyewe amezaliwa Same na anakaa na Wapare tangu utotoni, kwa hiyo anaruhusiwa kututania. Na hajakosea. Nina mjomba amehifadhi boksi la simu aliyoibiwa.

Basi, likizo ya mwezi wa sita nikapanda Chome kwa bibi mzaa mama. Baridi ya kule mwezi huo mnaijua wenyewe, ukungu unashuka kutoka mlima Shengena unaingia mpaka jikoni, mnaongea na mtu mnasikia sauti tu. Nilibeba begi la nguo, na ndani ya begi albamu yangu, na akiba yangu yote ya muhula. Elfu ishirini na mbili.

Siku tatu za kwanza nilizunguka nyumba kwa nyumba nauliza, "Shikamoo, mna hela za zamani?"

Jamani, watu wana vitu.

Mzee mmoja aliniletea cheti cha ubatizo cha kaka yake. Mama mmoja alikuwa na noti ya Kenya, akanihakikishia ni ya zamani kwa sababu haitumiki pale dukani. Mzee mwingine, huyu nilimpenda sana, alitoa stakabadhi ya kodi ya kichwa ya enzi za mkoloni, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwuliza kama anaiuza. Akasema, "Siuzi. Wakirudi kudai tena nitawaonyesha."

Kumi ya kijani, hakuna.

Siku ya nne nimekaa kijiweni kwa bodaboda na binamu yangu Eliamini. Eliamini ananizidi miaka mitano, ana pikipiki, na ana dharau. Akaniuliza mbele ya wenzake, "Dogo, hivi unavyookota makaratasi nyumba za watu, umetumwa na mganga?"

Wote wakacheka. Na mimi, wakuu, mtu akichekesha watu juu yangu, huwa lazima nimrudishie.

Nikachukua simu yake, nikafungua kurekodi sauti, nikabana pua kidogo, nikatoa sauti ile ya msoma taarifa ya habari wa redioni.

"Tangazo kwa wananchi wote wa milimani. Yeyote mwenye noti ya shilingi kumi ya kijani, yenye picha ya mkonge, anatakiwa kuitunza kwa uangalifu mkubwa. Noti hiyo kwa sasa inanunuliwa kwa shilingi milioni nane taslimu. Mwenye noti mbili ataongezewa ng'ombe wa maziwa."

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Eliamini alicheka mpaka akashika usukani wa pikipiki asianguke. Akaituma kwenye grupu la bodaboda. Mimi nikarudi kwa bibi nimeshinda, nikala makande sahani mbili.

Ambacho sikukijua ni kwamba mtu wa grupu la bodaboda ana dada kwenye grupu la kwaya. Na grupu la kwaya lina mtu wa grupu la wazazi wa shule. Mpaka jioni sauti yangu ilikuwa imezunguka vijiji kuliko mimi, na pale kwenye ng'ombe ilikuwa imekatwa. Nadhani kuna mtu aliona ng'ombe anaharibu uzito wa habari.

Kesho yake asubuhi napita njia ya kwenda kuchota maji, akanisimamisha Bibi Nakijwa. Ni jirani wa bibi yangu, mjane, nyumba yake iko juu kidogo ya kwetu. Anakaa peke yake na mbuzi wawili. Hana simu. Alikuwa amesimama mlangoni kajifunga khanga mabegani.

"Mjukuu wangu, wewe si ndiye wa mambo ya hela za zamani?"

"Ndiye mimi bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo ya milioni nane, ni ile ya kijani yenye mkonge?"

Hapo ndipo ningesema, bibi, ni utani. Maneno matatu. Lakini nilikuwa bado natembea na kile kicheko cha kijiweni, na bibi na mjukuu kutaniana ni jambo la kawaida kwetu. Nikasema, "Hiyo hiyo bibi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Ukiwa nayo umeshatoka kimaisha."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeandika. Akaingia ndani. Mimi nikaendelea na ndoo zangu napiga mluzi.

Nimelirudia hili tukio kichwani mara nyingi sana. Mkusanyaji gani anaulizwa "ni ile ya kijani yenye mkonge" na hastuki? Mtu asiyekuwa nayo angejuaje kama ina mkonge? Lakini akili yangu ilikuwa inasikiliza kicheko.

Jumapili ikawa ni siku ya mavuno. Kwa wasioijua, watu wanaleta kanisani walichovuna, magimbi, maharage, tangawizi, mikungu ya ndizi, kuku, halafu baada ya ibada vinauzwa kwa mnada pale nje. Mwaka huu kila kitu kilikuwa kinaenda kwenye jengo la shule ya Jumapili. Kuta zimesimama muda mrefu tu, ila juu hakuna bati. Watoto wakifundishwa gharika ya Nuhu, mvua inawanyeshea kweli.

Watu wanapita mbele na vikapu vyao. Bibi Nakijwa akapita na bahasha.

Akaomba aseme neno. Mchungaji akampa kipaza sauti, akakikataa, sauti yake inatosha.

"Mimi kila mwaka naleta magimbi," akasema. "Mnayajua, mmeshayala. Mwaka huu nimeleta bati. Mchungaji, humu kuna milioni nane. Ezekeni."

Akafungua bahasha, akanyanyua noti. Ya kijani.

Kanisa lililipuka vigelegele. Kwaya ikaanza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba. Mama mmoja mbele yangu alilia.

Wakuu, nimeahidi ukweli, kwa hiyo huu hapa: wazo langu la kwanza halikuwa toba. Nilikuwa benchi la nyuma kabisa lakini nilishaiona ile noti haina mkunjo hata mmoja. Pembe zimesimama. Imekaa ndani ya kitu kigumu, labda Biblia, miaka yote hiyo, haijawahi kununua hata kiberiti. Nikasema moyoni, hii ndiyo yenyewe.

Halafu bibi yangu, niliyekaa naye, akasema polepole bila kunitazama: "Hiyo aliachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa kwenye mkonge kule chini. Alikuwa anamwambia yule mtu anayeonekana kwenye picha ya mkonge ni yeye."

Hapo nikaacha kuziangalia pembe.

Mchungaji ni mtu mwangalifu. Aliigeuza ile noti pande mbili, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema tumshukuru Mungu, na kwa kuwa benki haiwezi kuipokea hivi hivi, wazee wataipeleka mnadani ili mwenye kuijua bei yake ajitokeze.

Aliposema "mwenye kuijua bei yake", Eliamini, upande wa pili wa kanisa, aligeuza shingo yote akaniangalia.

Tukatoka nje. Mnada wa kwetu unaendeshwa na Mzee Kadeghe, mzee wa kanisa, mrefu, mdomo una mafuta. Akaanza na kuku, akaja kwenye ndizi. Na kuna utaratibu mmoja ambao lazima niwaeleze. Ukinunua kitu pale, unaweza kuondoka nacho, au unaweza kulipa halafu ukasema "irudi mezani." Hela yako imeingia, kitu kinauzwa upya. Mkungu mmoja wa ndizi siku ile uliuzwa mara nne na bado ulibaki pale pale mezani, unaiva.

Ikafika zamu ya noti. Waliileta juu ya sahani, chini wametandika kitambaa cheupe.

"Nadhani wote tunaijua," Mzee Kadeghe akasema. "Naanza chini kabisa ili tuheshimiane. Milioni moja."

Hakuna mkono uliopanda.

"Laki tano, tuchangamke."

Watu wakaanza kuangalia viatu.

"Laki moja. Jamani, yenyewe inaenda milioni nane."

Bibi Nakijwa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbele, kiti cha wageni. Mgongo umenyooka. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alikuwa anasubiri watu wachangamke. Huo mgongo ndio ulionimaliza.

Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Isije ikawa yake ni feki."

Mwenzake akajibu, sauti siyo ya chini kivile, "Na kaipeleka mpaka madhabahuni."

Ikapita hivyo, kiti kwa kiti. Nikaiona inavyokwenda, kama ilivyokwenda ile sauti yangu. Dakika mbili zaidi na yule bibi angekuwa ni mwanamke aliyemletea Mungu hela feki, na Upare jambo kama hilo wajukuu wa wajukuu wako wanakuja kulisikia kwenye kesi ya mpaka wa shamba.

Nikanyoosha mkono.

"Mzee, noti siyo feki. Ile sauti ndiyo feki. Ni ya kwangu."

Mzee Kadeghe hakunielewa, au alijifanya. "Sauti ipi?"

"Ile ya tangazo. Nilikuwa natania."

"Ile ni ya redio."

"Ni mimi mzee."

"Basi isome tena tuisikie."

Wakuu. Nikabana pua. Nikaisoma yote, tangazo kwa wananchi wote wa milimani, mpaka ng'ombe wa maziwa. Ni sauti ile ile iliyovunja mbavu za kijiwe kizima. Safari hii hakucheka mtu. Mtoto mmoja alitaka kucheka, mama yake akamziba.

Nimechekesha watu tangu darasa la kwanza. Sikuwahi kujua kimya kina uzito gani ukiwa umekibeba mwenyewe.

"Na bei yake ya kweli?" Mzee Kadeghe akauliza.

"Safi kama hii, kwa mtu anayeipenda, elfu arobaini. Hamsini akiwa mjinga kama mimi."

Bibi Nakijwa akageuka kwenye kiti chake. "Nilikuuliza mlangoni kwangu?"

"Uliniuliza bibi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akatazama juu ya lile jengo lisilo na bati. Akapima hewani kwa mikono miwili, upana kama wa mwavuli. "Kwa hiyo mimi nimeezeka hapa," akasema.

Hakusema kwa hasira, ndiyo shida. Angenitukana ningepona.

Nikaenda mbele, nikatoa elfu ishirini na mbili zangu zote, nikaziweka mezani. Nikasema haifiki bei lakini ndiyo niliyonayo. Mzee Kadeghe akauliza kama kuna wa kuongeza. Hakuna. Akagonga meza, akanipa sahani.

Basi nikaishika. Pembeni, kwa ncha za vidole. Nikainyanyua, twiga akatokea. Ilikuwa yangu, kihalali, imelipiwa mbele ya mashahidi. Seti yangu ilikuwa imebakiza ile nyekundu tu. Najua kuna jamaa atakomenti kule chini "hapo ungekimbia mkuu." Mkuu, miguu iliwaza hivyo hivyo.

Nikamtazama Bibi Nakijwa. Alikuwa anaitazama noti, hanitazami mimi.

Nikasema, "Irudi mezani."

 Hapo Mzee Kadeghe akafanya kitu ambacho mimi kwa utundu wangu wote nisingekifikiria. Akaiinua noti, akauliza watu wote: "Huyu aliisema. Nani aliituma?"

Watu wakarudi kuangalia viatu.

"Hii sauti haikutembea kwa miguu. Nani aliituma?"

Eliamini akatema kipande cha muwa, akaja. Elfu kumi. Akaishika noti kwa vidole vyake vya oili ya pikipiki, akaona aibu, akasema irudi mezani. Akafuata dada wa kwaya, elfu tano, huyu aliikunja katikati akaiweka kwenye mkoba kwanza, ndipo akakumbuka. Wakaja bodaboda wengine wawili. Akaja mwenye duka. Akaja mwalimu wa shule ya msingi, mdogo mdogo, anaangalia chini, kumbe yeye ndiye aliyemkata ng'ombe. Akaja hata mke wa mchungaji.

Kwa mke wa mchungaji ndipo watu walipoanza kucheka.

Kila aliyeituma ile sauti aliinunua ile noti, akairudisha. Wengine hawakuituma kabisa, walikuja tu kwa sababu foleni ilikuwa imechangamka. Yule mama wa "isije ikawa feki" alikuja pia. Alitoa elfu mbili na kuku.

Na mimi nimesimama pale naangalia noti yangu inavyokufa. Mkunjo wa kwanza, roho iliuma. Mkunjo wa pili. Mtu aliyetoka kula parachichi. Mtu aliyeiweka kwenye soksi kwa mzaha. Pembe zikalala, katikati ikaanza kupauka. Ilikuwa imekaa miaka yote hiyo bila kuguswa, na asubuhi moja imepita mikono zaidi ya hamsini. Mzee Shabani angezimia.

Hela iliyopatikana haikufika milioni nane, msije mkaanza. Ila upande mmoja wa lile jengo leo una bati.

Mwishoni noti ilikuwa mezani, imelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Mzee Kadeghe akaichukua, akamfuata Bibi Nakijwa, akamwambia, "Bibi, chukua. Imeshafanya kazi yake."

Akakataa.

"Nilishatoa. Nilichokipeleka madhabahuni sikirudishi nyumbani bure."

Wakamsihi. Mchungaji akamsihi. Nyie mnawajua bibi zenu wa Kipare, akishasema limeisha.

Mzee Kadeghe akakuna kichwa, akarudi mezani. "Basi tunauza mara ya mwisho. Naanza na bei iliyoandikwa. Shilingi kumi."

Watu zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyekohoa. Mimi nilijing'ata ulimi kabisa, kwa sababu shilingi kumi kwa noti ile, hata ikiwa imechoka namna ile, wakusanyaji mnanielewa.

Bibi Nakijwa akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akafungua fundo la khanga, akatoa sarafu ya mia.

"Kumi," akasema.

Ikagongwa. Akapewa noti yake. Akaitandaza kwenye goti, akainyoosha kwa kiganja, akaitazama nyuma upande wa mkonge. Tukapiga makofi, kwaya ikaanza kuimba, watu wakaanza kukusanya vikapu.

Yeye hajainuka.

Mzee Kadeghe akamwinamia. "Bibi, kuna nini tena?"

"Chenji yangu. Tisini."

Alikuwa hatanii. Wazee wa kanisa wakageuza kikapu cha sadaka, wakapata hamsini moja. Arobaini iliyobaki hakuna. Nani siku hizi anatembea na sarafu za ishirini? Wakamwambia achukue mia yake. Akasema yeye si mtu wa kupewa vya bure. Wakamwambia basi aiache yote iwe sadaka. Akasema sadaka ameshatoa, hii ni biashara.

Nikafungua begi, maana albamu siiachi nyumbani hata nikienda kanisani, nikaitoa. Kwenye ukurasa wa sarafu nina mbili za shilingi ishirini, zile zenye tembo, zinang'aa, nikazibandua kwenye nailoni, nikampelekea kwa mikono miwili.

Akazihesabu. Akazifunga kwenye fundo la khanga pamoja na ile hamsini. Halafu akanivuta mkono nikachuchumaa, akaninyooshea noti.

"Unamwona?"

Nikakaza macho. Mkonge, mistari, kijani imepauka. "Simwoni bibi."

"Kesho uje na kuni, nitakuonyesha vizuri."

Nilienda na kuni. Kesho, na kesho kutwa, na likizo yote iliyobaki. Mtu mwenyewe bado sijamwona vizuri, ila namjua jina, najua alikuwa anaimba nini akianika mkonge, na najua alimpa mkewe ile noti siku gani na kwa nini hakuruhusu itumike. Hayo siyaandiki hapa. Siyo ya kwangu.

Funzo nililopata: hawa tunaowafuata na kuwauliza "mna hela za zamani" wanatuamini. Sisi tunaoijua bei ndio tunaoitaja, na tukiitaja vibaya, hata kwa kucheka, kuna mtu anaenda kufungua Biblia yake. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa bei naitaja ile ile niliyoambiwa na Mzee Shabani, halafu nauliza kwanza ilitoka kwa nani. Mara nyingi hilo swali la pili ndilo lenye hela, na haliuzwi.

Albamu yangu bado haina kumi ya kijani. Nafasi nimeiacha wazi.

Karibuni. Wazoefu wa hizi noti, mtu kwenye ile picha ya mkonge yupo au hayupo? Mwenye picha iliyo wazi anisaidie, nina mtu wa kumpelekea jibu, ila kama hayupo naomba mje inbox, msiseme hapa.

Na wale mlioituma ile sauti na siku ile mkajificha nyuma ya choo cha kanisa, upande wa pili wa jengo bado hauna bati.